Adoniram Judson: Miaka 37 ya Sala na Tafsiri nchini Burma

Katika makanisa mengi ya Kiprotestanti nchini Myanmar, Biblia inayosomwa kwa lugha ya Kiburma ni tafsiri iliyokamilika mwaka 1834. Aliyeitafsiri ni Mmarekani Adoniram Judson, aliyetia mguu Rangoon, Yangon ya leo, mwaka 1813, akaishi nchini humo hadi siku chache kabla ya kifo chake mwaka 1850. Myanmar, jirani wa India upande wa mashariki, ni nchi ya Wabudha. Sensa ya mwaka 2014 ilionyesha kuwa karibu watu 88 katika kila 100 hufuata dini ya Budha, na Wakristo ni wapatao 6 katika kila 100.

Judson alifika wakati nchi hiyo, iliyojulikana kwa jina la Burma, ilikuwa chini ya mfalme mwenye mamlaka juu ya uhai wa kila raia. Mara mbili alijaribu kupata hakikisho la wenye mamlaka kwamba raia wangeweza kufuata dini yake bila kuadhibiwa, kwanza kwa mfalme mwenyewe, kisha kwa mkataba wa mataifa mawili. Mara zote mbili aliambulia patupu. Aliyoyajenga aliyajenga kwa njia nyingine iliyokwenda polepole zaidi, nayo ilimgharimu karibu kila alichokipenda.

Kutoka Massachusetts hadi Rangoon

Judson alizaliwa tarehe 9 Agosti 1788 katika mji wa Malden, jimbo la Massachusetts, akiwa mtoto wa mchungaji. Alikuwa na akili nyepesi na tamaa ya makuu. Alihitimu Chuo cha Brown mwaka 1807 akiwa wa kwanza katika darasa lake. Lakini huko chuoni aliiacha imani ya baba yake kwa ushawishi wa rafiki, Jacob Eames, aliyeamini kwamba Mungu aliuumba ulimwengu kisha akauacha ujiendee wenyewe.

Waandishi wa maisha yake husimulia kwamba mwaka uliofuata, akiwa safarini, kijana huyo alilala katika nyumba ya wageni, na usiku kucha akasikia mgonjwa akihangaika katika chumba cha pili. Asubuhi aliambiwa kuwa mgonjwa amefariki dunia. Alipouliza jina la marehemu, akatajiwa la Eames. Alirudi nyumbani akiwa ametikisika, na kabla mwaka 1808 haujaisha alikuwa amejiunga na chuo cha theolojia cha Andover.

Mwaka 1810 yeye na wanafunzi wenzake waliwaomba viongozi wa kanisa lao wawatume ng'ambo, na kutokana na ombi hilo ikaundwa Bodi ya Marekani ya kutuma wamishonari katika nchi za nje. Tarehe 5 Februari 1812 Judson alimwoa Ann Hasseltine, binti msomi na mwenye moyo mgumu kama wake. Majuma mawili baadaye walikuwa baharini, wakielekea India.

Safari hiyo ya miezi minne iliyageuza maisha yao. Judson alijua kuwa Bengal angekutana na William Carey na Wabaptisti wenzake wa Serampore, na kwa kuwa wao hawawabatizi watoto wachanga, alijiandaa kwa mjadala kwa kuyachunguza Maandiko upya. Uchunguzi huo ulimfikisha upande wao. Mwezi Septemba 1812 yeye na Ann walibatizwa mjini Calcutta, Kolkata ya leo. Uamuzi huo uliwakatia riziki, kwa maana Bodi iliyowatuma haikuwa ya Wabaptisti. Mwenzao Luther Rice alirudi Marekani kuwaomba Wabaptisti wa huko msaada, na mwaka 1814 wakaunda jumuiya ya kuwategemeza.

Kampuni ya Uingereza ya India Mashariki nayo haikuwataka wamishonari katika himaya yake. Iliwaamuru waondoke. Walikimbilia kisiwa cha Mauritius katika Bahari ya Hindi, wakarejea Madras mwezi Juni 1813, na huko, kwa hofu ya kufukuzwa tena, wakapanda merikebu iliyokuwa ikielekea Rangoon. Ann alijifungua mtoto mfu wakiwa katikati ya bahari. Tarehe 13 Julai 1813 walitia nanga katika mji ambao marafiki zao wengi waliwaonya wasiuendee.

Kutafuta neno

Kazi ya kwanza ilikuwa lugha. Mwalimu waliyempata hakujua neno la Kiingereza, basi walianza kwa kunyoosha kidole kwenye vitu na kuuliza majina. Maandishi ya Kiburma yalichorwa kwenye majani ya mtende yaliyokaushwa, herufi moja ikifuata nyingine bila nafasi kati ya neno na neno. Kila kilichohusu dini kilijaa maneno ya Kipali, lugha ya kale ya maandiko ya Kibudha. Judson alijifunza zote mbili, akikaa na mwalimu wake saa nyingi kila siku.

Ugumu wenyewe ulikuwa ndani zaidi ya sarufi. Ubudha wa Theravada haumfundishi mtu juu ya muumba wa milele anayesikia sala. Unamfundisha kwamba maisha ni mateso, kwamba kila tendo lina matunda yake, na kwamba mtu hujikusanyia thawabu ili azaliwe katika hali iliyo bora, hadi siku atakapoepukana na mzunguko huo wa kuzaliwa na kufa. Je, mtu aliyelelewa hivyo angeelezwaje habari za Mungu aliyeumba na anayesamehe? Judson alichukua neno ambalo Waburma walikuwa nalo tayari, phaya, linalotumika kumwita Buddha, pagoda na watukufu, akaliunganisha na thakhin, yaani bwana. Hadi leo Wakristo wanaosali kwa Kiburma humwita Mungu Phayathakhin.

Miaka ilipita. Mtoto wao wa kiume, Roger, aliyezaliwa mwaka 1815, alifariki akiwa na miezi minane. Mwaka 1816 alifika mpigachapa George Hough akiwa na mtambo uliotolewa na Wabaptisti wa Serampore, na vijitabu vya kwanza vikachapwa, kisha Injili ya Mathayo. Ann naye alijifunza Kithai kwa watu wa Siam waliokuwa wakiishi Rangoon, akatafsiri katekisimu na Injili ya Mathayo kwa lugha hiyo. Pamoja na yote hayo, miaka karibu sita ilikatika pasipo Mburma hata mmoja aliyeomba ubatizo.

Mwaka 1819 Judson alijenga zayat. Hili ni banda lililo wazi kando ya njia, ambamo wasafiri wa Burma hupumzika na ambamo watu huketi kusikiliza mafundisho ya dini. Alilijenga karibu na barabara iendayo kwenye pagoda kuu ya Shwedagon. Humo alikaa chini mchana kutwa kwa desturi ya nchi, akizungumza na yeyote aliyesimama kuuliza. Tarehe 4 Aprili mwaka huo, siku aliyoanzisha ibada ya hadhara, alijiandikia kanuni za maisha. Ya kwanza kati yake ilimtaka adumu katika sala ya faragha kila asubuhi na kila jioni. Kwake sala ilikuwa kazi yenye saa zake, kama tafsiri ilivyokuwa na saa zake.

Mwezi Juni Maung Nau, kibarua maskini, alibatizwa katika bwawa lililokuwa na sanamu kubwa ya Buddha ukingoni mwake. Alikuwa Mburma wa kwanza kubatizwa na Judson.

Mbele ya mfalme

Mara uvumi ukaenea kwamba serikali imeanza kuwatazama wanaoingia dini ya kigeni. Wasikilizaji wakapungua katika zayat. Judson aliona kuwa bila idhini ya mfalme waumini wake wangekuwa hatarini, na mwanzoni mwa mwaka 1820 yeye na mwenzake James Colman waliupanda mto Irrawaddy hadi makao ya mfalme Bagyidaw. Walibeba zawadi ya Biblia katika mabuku sita yaliyopambwa kwa dhahabu. Mfalme alisikiliza ombi lao, akakitazama kijitabu walichompa, akakitupa chini. Zawadi haikupokewa.

Walirudi Rangoon wakikusudia kuhamia upande wa Chittagong. Waliozuia safari hiyo ni waumini wachache wenyewe, waliowasihi wasiondoke mpaka idadi ifike angalau watu wanane au kumi, ili kanisa liweze kusimama hata bila walimu. Judson alibaki. Katikati ya mwaka 1820 walikuwa wametimia kumi, akiwemo Ma Min Lay, mwanamke wa kwanza, na U Shwe Ngong, mwanafalsafa aliyekuwa amebishana na Judson kwa muda mrefu kabla ya kukubali. Watu hao walijua kwamba mfalme amekataa, na bado wakaja. Tangu hapo Judson aliweka tumaini lake zaidi katika watu wa aina hiyo na katika kitabu alichokuwa akikiandaa. Mwaka 1823 alikamilisha tafsiri ya Agano Jipya.

Gereza na mto

Mwanzoni mwa mwaka 1824 Judson na Ann walihamia Ava, mji mkuu, kwa kuwa mfalme alikuwa ameonyesha kupendezwa na utabibu wa mmishonari mwenzao, Dakta Jonathan Price. Mwaka huohuo ilizuka vita kati ya Burma na Waingereza wa India. Fedha za wamishonari zilipitia kwa wafanyabiashara Waingereza, na maofisa wa mfalme walipoona hesabu hizo waliamini kuwa Wamarekani hao ni wapelelezi. Tarehe 8 Juni 1824 Judson alikamatwa wakati wa chakula, akafungwa kamba na kuburutwa hadi gereza la wahalifu wa kifo.

Humo wafungwa walitiwa minyororo miguuni, na usiku miguu ilipitishiwa mti wa mwanzi ulioinuliwa juu hadi mabega tu yakagusa sakafu. Ann, akiwa mjamzito, alihangaika kutoka kwa ofisa mmoja hadi mwingine akiomba huruma, akipeleka chakula na kuwahonga walinzi. Mswada wa Agano Jipya aliufukia kwanza chini ya nyumba. Alipohofia unyevu wa masika ungeuharibu, aliushonea ndani ya mto wa kulalia, mto mgumu na mbovu kiasi cha kutomtamanisha mlinzi yeyote, na mumewe akaulalia gerezani. Januari 1825 alijifungua binti, Maria.

Mwezi Mei wafungwa walihamishwa ghafla, wakatembezwa miguu mitupu juani hadi Aungbinle. Mmoja wao, Mgiriki, alikufa kwa mwendo huo. Katika vurugu hizo mto ulichanwa, na pamba iliyofungamana ikatupwa. Maung Ing, mmoja wa waumini wa Rangoon, aliiokota aihifadhi kama kumbukumbu ya mwalimu wake. Miezi kadhaa baadaye mswada ulikutwa ndani yake ukiwa mzima.

Huko Aungbinle Ann aliugua hadi maziwa yakamkauka. Walinzi walimruhusu Judson, angali na minyororo, ambebe mtoto na kuzunguka kijijini akiwaomba akina mama wanaonyonyesha wamnyonyeshe. Wake wa Wabudha ndio waliomlisha mtoto wa mmishonari.

Alitolewa gerezani mwishoni mwa mwaka 1825 kwa sababu mfalme alihitaji mkalimani wa mazungumzo ya amani. Mkataba wa Yandabo ulitiwa saini tarehe 24 Februari 1826, na Burma ikapoteza Arakan na Tenasserim. Mwaka huohuo Judson alikubali kufuatana na ujumbe wa Uingereza kwenda Ava kuzungumzia mkataba wa biashara, kwa matumaini kwamba ungeingizwa kifungu cha uhuru wa dini. Waburma walikikataa. Akiwa huko alipata habari kwamba Ann amefariki tarehe 24 Oktoba mjini Amherst. Miezi sita baadaye Maria alimfuata mama yake.

Kaburi msituni

Miaka miwili iliyofuata ni sura ya maisha yake ambayo wasifu wa kusifu tu hupenda kuipita haraka. Judson aliikataa shahada ya heshima aliyotunukiwa na Chuo cha Brown, akatoa mali yake yote kwa misheni, akaanza kujitenga na watu. Alijijengea kibanda msituni, akachimba kaburi, akawa anaketi kando yake akitafakari namna mwili wake utakavyooza. Mtu aliyewafundisha wengine kusali aliona kuwa Mungu yupo, lakini hampati.

Hakuna tukio moja la kueleza jinsi alivyorudi. Alirudi kidogokidogo, akivutwa na kazi na na watu waliomhitaji. Mwaka 1831, wakati wa sikukuu kubwa ya Shwedagon, aligawa karibu vijitabu 10,000, akimpa tu aliyeomba. Walimjia watu kutoka mbali, hata mipaka ya Siam na China, wakiulizia maandishi hayo.

Wakati huo mlango mwingine ulikuwa umefunguka. Ko Tha Byu, Mkaren aliyekuwa na historia ya ujambazi na mauaji, alikombolewa kutoka utumwa wa deni na jamii ya Wakristo waliomzunguka Judson. Alibatizwa mwaka 1828 na mmishonari George Boardman huko Tavoy, akawa mhubiri miongoni mwa watu wake. Wakaren walikuwa na masimulizi ya kale ya muumba na ya kitabu kilichopotea ambacho siku moja kingerudishwa kwao. Kwao habari ya kitabu haikuwa ngeni, na waliipokea kwa maelfu, wakati Waburma wenyewe waliendelea kuja mmojammoja.

Tarehe 31 Januari 1834 Judson alimaliza kutafsiri Biblia nzima kutoka Kiebrania na Kigiriki. Alipiga magoti akiwa na ukurasa wa mwisho mkononi, akaomba msamaha kwa makosa yote yaliyomo na kuikabidhi kazi kwa Mungu. Kisha aliirudia yote neno kwa neno, na masahihisho hayo yalimchukua hadi mwaka 1840.

Mwaka 1834 alimwoa Sarah, mjane wa Boardman, naye akamzalia watoto wanane. Afya ya Sarah ilipodhoofika mwaka 1845 walianza safari ya Marekani, lakini alifariki njiani na kuzikwa kisiwani St Helena. Judson alifika nchi aliyoiacha miaka 33 kabla. Sauti yake ilikuwa imekwisha kwa maradhi, hata mikutanoni alinong'ona na mtu mwingine akayarudia maneno yake kwa umati. Mwaka 1846 alimwoa mwandishi Emily Chubbuck na kurejea Burma, ambako alijitia katika kazi ya kamusi. Sehemu ya Kiingereza kwa Kiburma ilikamilika mwaka 1849. Iliyobaki ilimaliziwa na wengine baada yake.

Aprili 1850, akiwa mgonjwa sana, alipakiwa kwenye merikebu ya Kifaransa kwa matumaini kwamba upepo wa bahari ungempa nafuu. Alifariki tarehe 12, akazikwa katika maji ya Ghuba ya Bengal. Emily, aliyebaki Moulmein, alijifungua mtoto mfu siku kumi baadaye, na ilipita miezi kabla hajajua kuwa ni mjane.

Kilichobaki

Judson hakuweza kuepuka kivuli cha silaha za Waingereza. Baada ya vita makao yake makuu yalikuwa Moulmein, katika ardhi waliyoiteka, na Waburma wengi waliendelea kuuona Ukristo kuwa dini ya mgeni mwenye bunduki. Dhana hiyo haijafutika. Sehemu kubwa ya Wakristo wa Myanmar ni Wakaren, Wakachin na Wachin, jamii zilizo pembezoni, na tangu mapinduzi ya kijeshi ya Februari 2021 wakimbizi wengi wa jimbo la Chin wamevuka mpaka na kuingia Mizoram nchini India, wakihifadhiwa na jamaa wa damu na wa imani.

Hata hivyo, idhini aliyonyimwa na mfalme haikuzuia kanisa kusimama, na kifungu kilichokosekana katika mkataba hakikuzuia kitabu kusomwa. Kanisa lilitokana na watu kumi waliokuja wakijua hatari. Kitabu kiliokolewa na mwanamke aliyekishonea katika mto na mwamini aliyeokota pamba iliyotupwa, na kabla ya hapo kulikuwa na mwalimu wa Kiburma aliyekaa na mgeni siku baada ya siku, akimtajia jina la kila kitu alichokinyooshea kidole.